Wave ya ami, PST ya Wete au Wave+ mpya: ipi ya kwenda nayo dago?

Swali: Assalaam alaykum Fundi. Mimi ni mvuvi wa Kojani, Pemba. Ninayo plaizi ya mfukoni ya Leatherman, aina ya Wave, niliyoachiwa na ami yangu aliyekuwa akifanya kazi kwenye boti za wazamiaji. Bisibisi yake ya nyota inachomoka, ukiigeuza inakuwa bapa. Makali ya kukatia waya yameng'oka mapengo mawili, na kisu kina madoa ya kutu karibu na kiungo, kimekuwa kizito kufunguka. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam anasema atanitafutia Wave+ mpya. Na hapa Wete kuna mzee anauza PST, Leatherman ya zamani, anasema chuma cha zamani ndicho chuma, hivi vya sasa ni urembo tu. Mwezi ujao tunakwenda dago, kambi ya uvuvi. Nichukue ipi? Na nitajuaje kama ninayoletewa si bandia?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Nakupa jibu kwanza, kisha sababu zake. Ikiwa binamu yako anaweza kukupatia Wave+ ya kweli, ichukue, na aagize pamoja nayo seti ya akiba ya makali ya kukatia waya. Wave ya ami yako usiiuze, bado ina kazi. PST ya mzee wa Wete ni zana nzuri, lakini si ya mvuvi anayelala kambini mbali na duka.

Sisemi hivi kwa kuwa Wave+ ina vifaa vingi. Wauzaji hupenda kuhesabu: hii ina 17, hii ina 18. Kwa mtu wa baharini hesabu hiyo haina uzito wowote. Nimetengeneza mashine za boti hapa Malindi kwa miaka mingi, na plaizi za mfukoni ninazoletewa zikiwa zimekufa huwa zimekufa kwa moja ya njia mbili: makali ya kukatia yameng'oka, au viungo vimeganda kwa kutu. Kwa hiyo nikilinganisha ya zamani na mpya nauliza mambo mawili. Kipi kitaharibika mwanzo, na kikiharibika nitaweza kukibadilisha mwenyewe? Na chumvi inaingia wapi, nami nitaitoaje?

Kwanza tujue ulichonacho mkononi. Zana zote tatu ulizozitaja ni za kampuni moja, ya Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Mwanzilishi wake, Tim Leatherman, mwaka 1975 alisafiri na mkewe Chau katika Ulaya na Mashariki ya Kati kwa gari kuukuu aina ya Fiat 600, na gari hilo likawasumbua njia nzima. Kisu cha mfukoni alikuwa nacho, lakini kisu hakikazi nati wala hakivuti waya. Alichokikosa kila mara ni plaizi. Akakaa miaka akijaribu, hataza akaipata 1980, na PST ikaingia sokoni 1983. Iliendelea kutengenezwa hadi 2004, maana yake hata PST ya mwisho kabisa kutoka kiwandani sasa ina zaidi ya miaka 20. Wave ilitoka 1998, ikabuniwa upya 2004, na 2018 ikawa Wave+.

Ya ami yako, kwa kuwa bisibisi yake ya nyota inachomoka, ni ya toleo la 2004 na kuendelea. Wave ya mwanzo ilikuwa na bisibisi ya nyota isiyotoka mahali pake. Ukitaka kuujua mwaka khasa, fungua mipini yote miwili utazame upande wa ndani kwenye mwanga mzuri. Zana zao nyingi zimegongwa humo tarakimu nne ndogo, mbili za mwezi na mbili za mwaka. Ukisoma 0611, hiyo ni Juni 2011.

Sasa mapengo, kwani hapa ndipo penye uamuzi wote.

Chukua plaizi yako uitazame mdomo kuanzia nchani. Mbele kabisa ni ncha nyembamba ya kushikia vitu vidogo, nyuma yake ni sehemu pana yenye meno ya kukazia nati, kisha yanakuja makali ya kukatia waya. Ndani zaidi, karibu na kiungo chenyewe, kuna kijinafasi kidogo kilichoingia ndani. Hapo ndipo pa kukatia waya mgumu, kwa sababu karibu na kiungo nguvu ya mkono inaongezeka maradufu. Watu wengi hawapajui, wanakata kila kitu pale pale makali yanapoanzia.

Mapengo yako nadhani ni ya mviringo, kama yaliyochongwa kwa tupa ya duara. Kama ndivyo, yamesababishwa na waya uliokuwa mgumu kuliko makali yenyewe. Waya wa shaba haufanyi hivyo, wala waya laini wa kufungia nondo. Ninyi wavuvi mna vitu viwili vinavyofanya hivyo kila siku: ule waya wa chuma mnaoutia mbele ya ndoana ili nguru asikate mshipi, na ndoana zenyewe. Waya wa nguru umevutwa kiwandani ukiwa baridi mpaka ukawa mgumu, na ndoana imechomwa na kupozwa makusudi ili isikunjuke samaki akivuta. Ukivibana vitu hivi kwenye makali ya kawaida, mara nyingine waya unashinda, na kilichobonyea ni plaizi.

Kwenye PST, na kwenye Wave ya ami yako, makali hayo ni kipande kimoja na mdomo wa plaizi. Pengo likiingia limeingia. Kuna mafundi watakwambia wanaweza kulisaga mpaka liishe, nawe usikubali. Ukiondoa chuma mpaka pengo likapotea, makali ya pande zote mbili yanakuwa mafupi na hayakutani tena, kwa sababu ncha za mbele zitakuwa zimeshagusana. Waya wa shaba utakatika nusu na nusu utapinda, ubaki unauzungusha mpaka uchoke mwenyewe.

Wave+ wameiondolea tatizo hilo. Makali ya kukatia ni vipande viwili vidogo vya chuma kingine, kinachoitwa 154CM, vimefungwa kwenye mdomo kwa skrubu. Kikipata pengo unafungua, unatia kipya, unakaza, umemaliza. Hiyo ndiyo tofauti kubwa baina ya Wave ya 2004 na ya 2018. Visu, msumeno, mkasi, tupa na mipini ni karibu vile vile. Kwa mtu wa ofisini mjini ningemwambia abaki na ya zamani, asitoe pesa kwa jambo dogo kama hili. Kwako wewe si dogo. Dago ukiwa kisiwani ambako hakuna duka la vyuma, plaizi isiyokata waya inakurudisha kukunja na kukunjua kwa mkono mpaka waya uvunjike, na mikono yako ndiyo mtaji wako.

Vipande hivyo usinunue ukidhani utavitia kwenye Wave ya ami. Mdomo wake hauna nafasi yake. Na seti ya akiba aiagize binamu pamoja na zana, pamoja na ufunguo mwembamba unaofungua skrubu zake, kwani kuja kuvitafuta Wete au Chake Chake ukishavihitaji ni kazi nyingine. Siku ya kubadilisha, fanya juu ya sahani au kitambaa cheupe. Skrubu zile ni ndogo kiasi kwamba zikianguka mchangani zimekwenda.

Hata ukiwa na Wave+, waya wa nguru ukate kwenye kile kijinafasi cha ndani, na ndoana usizikate kwa mazoea. Ndoana ikimwingia mtu mkononi na hamna budi kuikata, funika kwa kitambaa kwanza, kwa sababu kipande kinachokatika huruka na jicho liko karibu. Makali yakipata pengo siku hiyo si hasara, ndiyo maana una ya akiba.

Nije kwenye neno la mzee. Yeye ni mkubwa wetu na ameona vyombo vingi, lakini katika hili sikubaliani naye. Baina ya Wave ya 2004 na Wave+, chuma cha visu ni kile kile, kinaitwa 420HC. Hakuna cha zamani wala kipya hapo. Na PST zinazoonekana madhubuti leo ni zile zilizobaki. Zilizovunjika na zilizooza zilitupwa zamani, hakuna anayezileta sokoni kuzipima, kwa hiyo mtu akiziona hizi chache zilizoishi hudhani zote zilikuwa hivi.

Tena ukijua chuma hiki kinavyofanya kazi utaelewa kwa nini kisu chako kimeota kutu, na kwa nini kimeota pale pale karibu na kiungo. Chuma kisichoshika kutu hakikatai kutu kwa asili yake. Ndani yake kuna kromiamu, na kromiamu ikikutana na hewa hujenga utando mwembamba usioonekana unaofunika chuma. Utando ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi hewa inafika. Chumvi ya bahari ina kloraidi, na kloraidi ndiyo inayoutoboa utando huo. Mahali pa wazi utando unawahi kujirudisha. Ndani ya kiungo, ambako maji ya chumvi yamejibana baina ya vipande viwili vya chuma na hewa haifiki, haurudi. Kutu inaanzia humo, inakula vishimo vidogo vidogo, na unapoiona nje ina muda mrefu ndani.

Utauliza, mbona pingu na vyuma vya kufungia kamba kwenye boti za wageni vinang'aa miaka na havioti kutu? Vile vingi ni vya aina inayoitwa 316. Ina kromiamu asilimia 16 hadi 18, na imeongezwa molibdenamu, ambayo inasaidia khasa dhidi ya chumvi. Lakini ina kaboni kidogo sana, haiwezi kukomazwa ikashika makali. Ukitengeneza kisu kwa 316 kitang'aa daima na hakitakata hata embe. Chuma cha kisu kinahitaji kaboni ili kiwe kigumu, na kaboni hiyo hiyo inajifunga na sehemu ya kromiamu, iliyobaki kulinda inapungua. 420HC ina kromiamu kama asilimia 13. Kwa hiyo kisu kizuri kwenye maji ya chumvi ni mapatano: umepata makali, nawe utatoa jasho la kukitunza. Hili lilikuwa kweli 1983 na ni kweli leo.

Utunzaji wenyewe si mgumu, ila uwe wa kila siku. Jioni mkishapandisha samaki, chukua kikombe kimoja tu cha maji matamu. Najua dago maji ni ya kubeba, lakini kikombe kimoja kinatosha. Fungua kila kitu, mipini, visu, msumeno, mkasi, vyote, uitumbukize, kisha uvifungue na kuvifunga ndani ya maji mara kadhaa ili maji yaingie viungoni na kuisukuma chumvi nje. Ikung'ute, ipanguse, uiache imefunguliwa kivulini upepo uipitie. Ikikauka, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, ufungue na kufunga ili yaenee, na upanguse yaliyozidi. Mafuta ya cherehani ni mepesi, yanapenya, hayagandi. Ya kupikia usitie, ya alizeti khasa, kwa sababu baada ya siku chache yanakuwa gundi na kila chembe ya mchanga inanasa humo. WD-40 ni nzuri kwa kufukuza maji, lakini inakauka upesi, kwa hiyo ifuate na mafuta.

Madoa yaliyokwisha kuota yasugue kwa brashi ya meno na sabuni, au kwa ile sponji ya kijani ya kuoshea masufuria. Usitumie pamba ya chuma ya kawaida. Inaacha vijichembe vya chuma chake kwenye kisu, vinashika kutu wiki hiyo hiyo, na utalaumu kisu bure.

Na pochi ya ngozi, kama ami alikuachia, iwe ya kuvaa safarini tu. Ngozi iliyoingia maji ya bahari inashika chumvi na unyevu siku nzima, na ukiilaza plaizi humo usiku umeilaza kwenye maji ya bahari. Jambo hili moja limeua zana nyingi kuliko kazi yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, binamu akiulizwa dukani rangi gani, achague ya fedha. Ile nyeusi inapendeza, lakini weusi ule haukingi chumvi, unachubuka kwenye kona, na kutu inaanzia kwenye kona hizo.

Nimekwambia PST si ya mvuvi, nawe huenda ukadhani ni kwa ajili ya makali tu. Liko jingine kubwa zaidi, nalo ndilo lililoitofautisha Wave na PST tangu 1998. Kwenye PST, kisu kimefichwa ndani ya mpini. Ukikitaka, lazima kwanza ufungue mipini, utafute kisu kwa ukucha, ukichomoe, kisha uifunge mipini tena ili upate pa kushika. Hiyo ni kazi ya mikono miwili, na mpaka hapo zana iko wazi wazi mkononi. Tena visu vya PST havina loki. Ukisukuma vibaya kisu kinarudi kwenye vidole.

Hebu fikiri uko kwenye chombo, mkondo unavuta, kamba ya nanga imejizungusha kwenye mguu wa mwenzako. Mkono mmoja umeshika ubao ili usianguke. Umebaki na mkono mmoja. Wave, ya zamani kwa mpya, ina visu viwili upande wa nje, kimoja cha makali laini na kimoja cha meno. Mipini imefungwa, dole gumba linaingia kwenye tundu la kisu, unasukuma, kisu kimefunguka na loki imekamata. Kile cha meno ndicho cha kamba ya nailoni, kwani kinang'ata badala ya kuteleza. Kile laini kiache kwa samaki na mkate. Jizoeze ukiwa nchi kavu, macho yamefumbwa, mpaka dole lijue lenyewe kisu cha meno kiko upande gani. Na kamba ikiwa imeingia kwenye pangaboi, mashine izimwe kwanza na plagi ya kuwasha itolewe, kabla mkono haujashuka majini.

Kuna na viganja. Mipini ya PST ni bati la chuma lililokunjwa, na unapobana plaizi kwa nguvu ile kingo nyembamba ndiyo inayokuingia kiganjani. Ukikata nyaya kumi mfululizo utaziona alama mbili nyekundu. Wave wameigeuza, ukibana unashika mgongo wa mviringo. Msumeno na mkasi PST haina. Mkasi kwa mshipi ni mzuri kuliko kisu, hasa mshipi mwembamba unaoteleza. Tupa ya Wave+ ina upande wa almasi, nao unanoa ndoana vizuri sana: piga mara tatu au nne kuelekea ncha, basi.

PST ina yake mazuri, nisiidhulumu. Ina gramu 142 tu na Wave+ ina 241, na mfukoni mwa kanzu au suruali nyepesi tofauti hiyo unaisikia. Ni nyembamba, ni rahisi, haina kipande cha kupotea. Mwalimu wa skuli, mwenye duka, fundi wa redio, hao ningewaambia wainunue kwa mzee kama viungo vyake ni vizima na bei si ya kuumiza.

Hicho kipande cha kupotea ndicho udhaifu wa Wave mpya, nami nataka ukijue kabla hujalipa. Bisibisi inayochomoka ni biti bapa ya umbo la kampuni yenyewe. Biti za kawaida za dukani, zile za pembe sita, haziingii mahali pake bila kirefusho kinachouzwa kando. Ikikuchomoka mkononi ukiwa juu ya maji, umebaki na tundu tupu. Katika hili PST na Wave ya 1998 ziliwazidi wadogo zao, bisibisi yao ya nyota haitoki na haipotei. Dawa yake ni kuichomoa biti ukiwa nchi kavu tu. Ukienda baharini itie upande wa nyota, iache hapo, kwani skrubu nyingi za kifuniko cha mashine na taa ni za nyota. Na zana yenyewe ifunge kamba. Mpini wa Wave una nafasi ya kupachika pete ya kamba, pete inauzwa peke yake, iombe pamoja na makali.

Kuhusu bandia. Watu watakwambia tia sumaku, ikivutwa si yenyewe. Si kweli, 420HC nayo inavutwa na sumaku, kwa hiyo sumaku haikuambii kitu. Mwambie binamu afanye hivi dukani, bila haraka. Afunge mdomo wa plaizi na kuuinua juani: ncha zigusane, na mwanga usipite nchani. Afungue kila kisu mpaka loki ikamate, kisha asukume mgongo wa kisu polepole, vidole viwe mbali na njia ya kisu. Kisicheze wala kisirudi. Atikise mipini kushoto na kulia, isilegee. Asome maandishi yaliyogongwa kwenye chuma: yawe na kingo kali na kina kimoja, yasiwe ya kuchorwa juu juu. Atafute zile tarakimu nne ndani ya mpini. Na kwenye mdomo aone kwa macho yake vipande vya makali vimefungwa kwa skrubu, kwani kuna wanaoandika Wave+ kwenye boksi na ndani ni mdomo wa kipande kimoja. Bei ikiwa rahisi mno kuliko maduka mengine, hiyo peke yake ni jibu. Kampuni inatoa dhamana ya miaka 25, ni kitu kizuri, lakini ya kweli tu ndiyo inayopokelewa, na gharama ya kuituma kutoka Pemba uiweke akilini.

Akiipata, asiitie kwenye mkoba wa mkononi kama anakuja kwa ndege. Ina kisu, watamnyang'anya kwenye ukaguzi. Iwe kwenye begi linaloingia chini. Akija kwa boti, aseme mapema kwamba ni zana ya kazi akiulizwa.

Imebaki ya ami. Itoe kutu kwanza. Ilaze usiku mzima ikiwa imefunguliwa ndani ya kopo la mafuta ya taa, asubuhi isugue viungo kwa brashi ya meno, ifungue na kuifunga mara nyingi ndani ya mafuta hayo hayo. Utaona maji ya rangi ya chai yanatoka viungoni, endelea mpaka yatoke masafi. Ioshe kwa sabuni na maji matamu, ikauke vizuri, itie mafuta ya cherehani. Kama kutu haijala sana, kisu kitarudi kuwa chepesi. Iache nyumbani kwa kazi za umeme na mbao, kwa sababu waya wa shaba bado utaukata ukikwepa yale mapengo na kuubana karibu na kiungo. Kabla hujampa mdogo wako aitumie, jaribu loki ya kisu kwa namna niliyomwelekeza binamu. Ikiwa haikamati mpaka mwisho, kisu hicho kisifunguliwe tena. Jaribu na kile cha pili hivyo hivyo, na kikishindwa nacho, abaki na plaizi, mkasi na bisibisi.